Maneno Yangu Kinywani mwa Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Mjomba ameajiri mtu bila kuniuliza.

Naandika kwenye daftari la zamani la kupokelea simu za matengenezo, lina kurasa nyingi tupu. Ni alasiri, mvua imefukuza wateja, na nisipoandika nitasema kitu cha kujutia. Miaka kumi na mmoja nimekaa nyuma ya kioo hiki na bisibisi zangu. Duka ni la Mjomba, kaka yake mama, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Mwezi wa tano anakwenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari amemwambia kusimama kutwa dukani basi tena. Duka ataliacha kwa mtu mmoja. Mtaa mzima unajua ni mimi, ila yeye mwenyewe bado hajalitamka.

Huyo aliyeajiriwa ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Juma lililopita alikuja kununua chaja, akakuta bibi mmoja analalamika kwamba bando lake limeisha na simu ilikuwa mkobani tu, hakuigusa. Mimi nilikuwa nimeshamwambia bibi azime data. Nilimwambia mara tatu. Mwalimu akavuta stuli, akakaa, wakaongea dakika kumi nzima. Bibi akaondoka anacheka, kanunua na kava. Mjomba akaona. Yakawa hayo.

"Atakaa pale mlangoni awaeleweshe watu haya maneno ya simu," Mjomba akaniambia. "Wewe wakikuuliza unawajibu kama unawafukuza."

"Nawajibu sahihi, Mjomba."

"Sahihi, ndiyo, mwanangu. Lakini wanatoka hapa kama walivyoingia."

Huyo mtu hajui hata kufungua mfuniko wa betri.

Jumatano, 5 Machi

Simu saba zilizolowa maji. Mwalimu hajafanya kitu ila kuamkiwa shikamoo.

Ijumaa, 7 Machi

Kumbe ana daftari. Asubuhi, kabla hatujafungua dirisha la mbele, kaja kwenye kioo changu, miwani puani, kalamu tayari.

"Binti, naomba unisaidie. Hotspoti ni nini hasa?"

Nilikuwa nachokonoa matope kwenye tundu la chaji la simu ya mtu. Nikamjibu bila kuinua kichwa kwamba simu yako inagawa mtandao wake kwa simu ya mwenzako, na bando linalokatwa ni lako, si la mwenzako. Akaandika neno kwa neno. Akashukuru mno, kama vile nimempa mbuzi.

Saa nne akaja kijana wa kiume na mkewe, wamenuniana. Mke anasema mume anamaliza bando, mume anasema hata hajaingia mtandaoni. Mwalimu akauliza kama kuna mtu mwingine nyumbani. Kuna shemeji. Basi Mwalimu akasema, "Hotspoti ni kumruhusu jirani achote maji kwenye bomba lako. Ndoo ni yake, bomba ni lako, mita inasomwa kwako. Mumeo hana lawama. Shemeji ndiye anayechota." Walicheka mpaka mke akashika ukuta. Halafu mume akageuka kunishukuru mimi? Thubutu! Alimshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili.

Hilo la mita ni lake, sawa. Lakini nani kamwambia bando linalokatwa ni la nani?

Jumatatu, 10 Machi

Ameuliza waifai na data tofauti yake. Nimemwambia data inatoka kwenye mnara na inakufuata uendako, waifai inatoka kwenye kiboksi kilichofungwa mahali na ukitoka nje ya nyumba inakuacha. Kufika mchana nimeyasikia maneno hayohayo mlangoni, yamevalishwa nguo mpya, watu wanapiga makofi.

Jumanne, 11 Machi

Bluututhi. Yaleyale.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amekuja dukani. Nikajua amekuja kuniona, nikasogeza kiti. Akapita. Mama yangu mzazi akapita mbele ya kioo changu, akasema "Hujambo mwanangu," akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni na kusubiri zamu yake kwa Mwalimu.

Alitaka kujua kwa nini simu inamwambia kumbukumbu imejaa na yeye hana namba nyingi. Swali hilo aliniuliza Desemba. Nilichukua simu nikafuta video zake kumi na mbili, nikamrudishia. Nilimaliza tatizo! Mwalimu hakufuta hata moja. Alimwonyesha zilipo, akamwambia video moja inakula nafasi kuliko namba za ukoo mzima, akamwacha achague mwenyewe. Mama akafuta tatu, taratibu, ulimi nje, kisha akainua simu juu ili wote waone.

"Huyu mtu ana subira," akaniambia wakati wa kutoka. "Wewe, mwanangu, una mikono."

Roho iliniuma kiasi cha kushindwa kula. Ninaandika na bado inaniuma.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Kazi. Nimemwambia Mwalimu sina nafasi ya maswali. Akasema, "Hapana shida binti, nitasubiri." Akasubiri kweli, amesimama, dakika ishirini.

Jumatatu, 24 Machi

Kuna jambo jipya. Kila jioni tukikaribia kufunga, Mjomba na Mwalimu wanakaa kule nyuma kwenye maboksi ya kava, wanazungumza kwa sauti ya chini. Nikiingia kuchukua kitu wananyamaza. Leo Mjomba alikuwa anatabasamu vile anavyotabasamu akisifiwa mtu wake. Aliponiona akajikohoza akauliza kama mvua imekatika. Mvua ilikuwa inagonga bati hata mtoto mchanga angeisikia.

Jumatano, 26 Machi

Wamekaa tena.

Ijumaa, 28 Machi

Tena.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimehesabu waliouliza "Mwalimu yupo?" kabla hata ya kufunga mwavuli. Kumi na tisa. Waliouliza "Fundi yupo?" ni wanne, na mmoja wao alikuwa ananidai jibu la simu ambayo haitengenezeki.

Leo nilijaribu na mimi. Mzee mmoja alitaka kujua foji ni nini na kwa nini simu yake haina. Nikaanza vizuri, nikasema ni kizazi cha nne cha mtandao, na simu yake haina redio ya kupokea masafa yale. Macho ya mzee yakaanza kuzunguka ukutani. Mwalimu, kutoka mlangoni, kwa adabu zote akasema, "Anachosema fundi ni kwamba barabara mpya imejengwa, ila baiskeli yako haipiti huko." Mzee akasema ahaa!

"Anachosema fundi"! Na nilichokuwa nasema mimi kilikuwa nini?

Ijumaa, 11 Aprili

Leo ndiyo leo. Mjomba kafunga tai. Mjomba hafungi tai hata harusini. Kamwita Mwalimu, wamechukua mwavuli mmoja, wamekwenda kwa mwenye nyumba. Nimeuliza kuna nini. "Mambo ya mkataba wa pango, mwanangu, wewe endelea na kazi."

Wamerudi baada ya saa mbili. Mwalimu alikuwa na wino kwenye kidole gumba. Mjomba kaweka karatasi kwenye droo yake, kafunga kwa ufunguo, kautia mfukoni, kaupiga mfuko kwa kiganja.

Kidole gumba kina wino. Sihitaji kuelezwa zaidi. Nimeuza ujana wangu kwenye kioo hiki, macho yanaanza kuhitaji miwani, na duka linakwenda kwa mtu wa majuma sita ambaye kila anachokijua nimempa mimi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika ilivyokuwa, nisijipendelee.

Asubuhi alikuja na daftari lake kama kawaida. "Binti, kuna hili neno, kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Watu wanaambiana mtaani kwamba simu ikiwa nzito ndiyo dawa yake. Je, vitu vya mtu vinakwenda wapi? Picha, kwa mfano?"

Nilikuwa na jibu. Picha zinakaa kwenye simu yenyewe, na simu ikirudishwa kama ilivyotoka kiwandani zinafutika moja kwa moja, isipokuwa mtu alizihifadhi mtandaoni au kwenye kadi ya kumbukumbu. Laini inabeba namba yako ya simu na pengine majina machache, basi. Fundi wa siku moja anajua hivyo.

Nikasema, "Kila kitu kiko kwenye laini. Laini ikitolewa kwanza, hakuna kinachopotea."

Aliandika. Hata hakuniangalia mara mbili. Nilijiambia ataropoka mbele ya mtu anayejua, atachekwa siku moja, Mjomba atasikia, atajua nani ni nani humu. Ni hilo tu nililotaka.

Saa nane akaja mshonaji, yule mwenye vyerehani viwili jirani na shule. Amepewa kazi ya sare za shule nzima, watoto mia moja na ishirini na sita, na muhula unafunguliwa mwezi wa tano. Daftari lake la vipimo lilinyeshewa mwezi uliopita, kwa hiyo alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa kabla halijaoza. Nayajua haya kwa sababu aliyasimulia palepale mlangoni, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na cherehani. Sasa simu imekuwa nzito, inaganda, na jirani amemwambia airudishe kama ilivyotoka kiwandani.

"Ila naogopa picha zangu za vipimo, Mwalimu."

Mwalimu akafungua daftari. Kwa kidole akafuata mstari. "Usiogope, mama. Laini ndiyo sanduku lako. Ukitaka kusafisha nyumba nzima, toa sanduku kwanza uliweke pembeni. Ukimaliza unalirudisha, vitu vyako vyote vimo."

Nilikuwa hatua tano kutoka pale. Nilikuwa na simu ya mtu mkononi na skrubu nne kwenye kifuniko cha soda, nikazitazama zile skrubu. Nilijiambia mshonaji hawezi kufanya mwenyewe, ataileta kesho kwangu nimfanyie, na hapo nitasema kwa sauti ya kusikika kwamba Mwalimu amekosea. Mshonaji akashukuru, akafungua mwavuli, akatoka. Ningeweza kumwita. Jina lake ninalijua, na mdomo ninao.

Jumanne, 15 Aprili

Mshonaji hajaja. Nimetazama mlango kutwa. Mwalimu kauliza kama naumwa.

Jumatano, 16 Aprili

Amekuja saa tatu, bila mwavuli, kalowa. Hakwenda kwa Mwalimu. Alikuja moja kwa moja kwenye kioo, akanipa simu kwa mikono miwili.

"Fundi, nimefanya kama nilivyoambiwa. Laini nilitoa, nikaiweka kwenye kikombe. Nimeirudisha. Picha hazionekani. Zitafute tu, najua zimo."

Nilitafuta. Nilijua hazimo, na nilitafuta kwa sababu ya macho yake. Kadi ya kumbukumbu hakuna. Akaunti ya kuhifadhi mtandaoni hajawahi kufungua. Kwenye laini kulikuwa na namba sita, moja ikiwa ya huduma kwa wateja. Simu za siku hizi zikifutwa zimefutwa, hata uje na mashine gani. Nikamwambia. Hakulia. Alikaa kwenye benchi akaanza kutaja kwa sauti ndogo, "Kifua ishirini na sita, mkono kumi na tano... huyo ni wa nani? Huyo ni wa nani sasa?" Shule imefungwa, watoto wametawanyika majumbani. Alisema mkuu wa shule alimwambia wazi, akichelewa kazi anapewa mwingine.

Mjomba akatoka nyuma, anachechemea. "Nani kakwambia ufute?"

Duka lote likageuka kumwangalia Mwalimu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akafungua daftari, akasoma mstari wake kimya, halafu akaniangalia mimi. Muda mfupi tu. Nilijua kaelewa, kwa sababu sikuweza kumwangalia. Mwandiko wake ule mzuri wa ubaoni ulikuwa mbele yake na tarehe pembeni. Neno moja lilitosha kunimaliza.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwelekeza vibaya. Kosa ni langu, mama, naomba radhi."

Akafunga daftari. Akavaa koti. Mjomba hakumzuia, alikuwa anamhangaikia mshonaji. Mimi nikachukua bisibisi, nikafungua simu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Alhamisi, 17 Aprili

Mwalimu hakuja. Nilikuwa nimeitaka siku hii tangu Machi.

Ijumaa, 18 Aprili

Hakuja. Wateja wanachungulia mlangoni, wanaona stuli tupu, wanaondoka. Bibi wa bando amekuja kuuliza jambo, nikamwambia, "Niulize mimi." Akasema atarudi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mjomba ameniita kwenye maboksi ya kava asubuhi na mapema. Nikakaa pale alipokuwa akikaa Mwalimu.

"Imeniuma," akasema. "Yule mtu sikumtegemea kukosea hivyo. Kila jioni alikuwa ananisomea daftari lake. Leo binti kanifundisha hiki, leo kanifundisha kile. Ananiambia, ndugu yangu, huna habari una mtu wa namna gani pale nyuma ya kioo. Mimi nilikuwa nakuona mkali tu. Ni yeye aliyenifumbua macho."

Nikainua kava iliyoanguka, nikairudisha kwenye boksi.

Akafungua droo, akatoa ile karatasi, akaiweka magotini kwangu. Mkataba wa pango, miaka mitano. Mpangaji ni mimi, pa kutia sahihi yangu pakiwa bado wazi. Jina langu lote, la baba na la babu. Chini yake, pa shahidi, ndipo palipokuwa na sahihi na alama ya dole gumba la Mwalimu.

"Nilimweka mlangoni ili wewe uhamie kwenye kiti changu polepole," Mjomba akasema. "Nilitaka nikupe siku ya mwisho kabla ya safari. Lakini kwa haya yaliyotokea, naona bora ujue mapema. Duka ni lako."

Ningeweza kusema ahsante. Neno lilikuwa hapo hapo. Badala yake yakanitoka yote, bila mpangilio, la wino, la mama, la barabara na baiskeli, la laini. Nikamwambia nilimdanganya Mwalimu nikijua. Nikamwambia nilimsikia akimwambia mshonaji na nikanyamaza. Nikamwambia nilikuwa na wivu, na kwamba hata sasa ninao, kwa sababu hata kunisifu alinisifu vizuri kuliko ninavyoweza kumsifu mtu mimi.

Mjomba hakunifokea. Afadhali angefoka. Alinyoosha mkono, akachukua karatasi magotini kwangu, akaikunja, akairudisha kwenye droo.

"Nenda ukamwambie yeye. Halafu mshonaji. Uende mwenyewe, usipige simu."

Jumapili, 20 Aprili

Mwalimu anakaa vyumba viwili, vitabu mpaka kwenye dirisha. Alinikaribisha kiti. Nilipomaliza kusema akavua miwani, akaipangusa.

"Nilijua, binti. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini. Mtoto asiyejua jibu anakutazama usoni akitafuta msaada. Aliyekuandikia uongo anatazama mezani."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili nini? Ningepona mimi, ungeumia wewe, na vipimo vya yule mama visingerudi." Halafu akavaa miwani. "Na kosa langu nalo lipo. Nilisomea watu kitu nisichokijaribu."

Mshonaji hakuwa mpole hivyo. Alinisema mpaka cherehani cha pili kikasimama kusikiliza, na yote aliyosema yalikuwa kweli. Kisha akanirushia futi ya kupimia.

Jumatatu, 21 Aprili

Mimi na mshonaji tumeanza kupima upya, nyumba kwa nyumba: nyumba tisa, watoto kumi na wanane. Mvua haikukatika. Shingo, kifua, mkono, urefu.

Alhamisi, 24 Aprili

Watoto sitini na watatu. Mwalimu anakuja nasi, shule hiyo ndiyo aliyostaafia, yeye ndiye anayewajua watoto na wanakokaa. Vipimo anaviandika mara mbili, kwenye daftari na kwenye daftari jingine. Hatuongei sana.

Jumanne, 29 Aprili

Watoto mia moja na ishirini na sita, wote. Wa mwisho alikuwa amerefuka hata vile vipimo vya zamani visingemfaa. Mshonaji alilicheka hilo, kidogo. Mkuu wa shule amempa juma moja la nyongeza. Anasema akishona mchana kutwa atawahi, na asipowahi anajua mlango wangu ulipo.

Jumatatu, 5 Mei

Mjomba amesafiri leo. Ufunguo wa duka ameuacha kwa Mwalimu. Mkataba umo kwenye droo, jina langu limo, na droo imefungwa. "Nikirudi tutazungumza," aliniambia, akanishika kichwa kama zamani. Sikumuuliza tutazungumza nini.

Jumanne, 6 Mei

Manyunyu tu. Mwalimu kafungua duka, akanipisha nitangulie. Kisha akavuta stuli mpaka kwenye kioo changu, akavaa miwani, akafungua daftari. Sikutegemea. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

"Binti, hali ya ndege. Mtu akiiwasha, kinazimika nini?"

Niliweka bisibisi chini. Nikamweleza kwamba inakata mawasiliano na mnara, kwa hiyo hupigi wala hupigiwi, na waifai na bluututhi mara nyingi huzimika pia, ila hizo mbili unaweza kuziwasha tena wakati simu bado haipatikani. Picha na namba zako haziguswi. Nikamwonyesha kwenye simu yangu, nikawasha, nikazima, nikarudia. Sijawahi kumweleza mtu kitu kwa utulivu ule.

Aliandika yote. Alipofika mwisho kalamu ikabaki juu ya karatasi, akaniangalia kwa upole uleule wa siku zote.

"Una hakika, binti?"

Miezi miwili ameniuliza kila neno la simu lililopo, na hilo hakuwahi kuniuliza. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kukubali, akatoa simu yake mfukoni, akajaribu mwenyewe kila nilichosema, kimoja baada ya kingine, ndipo akaenda kukaa mlangoni.